Ndiyo Kumi na Mbili na Hapana Moja

Hadithi hii hamtaiamini, wala siwalaumu. Angenisimulia mtu mwingine, hata mimi ningemwambia akanawe uso kwanza. Lakini mwenyewe ni mpwa wangu, binti wa dada yangu wa tumbo moja, na mambo yote mazuri aliyo nayo nilimfundisha mimi. Mabaya aliyarithi kwa baba yake. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la tano kwa sababu walimu waliishiwa na vya kunifundisha, lakini kusimulia najua.

Mpwa wangu ni dobi wa hospitali. Si dobi wa kukaa kivulini na beseni, hapana. Kuna mashine tatu pale, na ya katikati ikianza kukamua inatembea sakafuni kama mlevi anayetafuta mlango, mpaka mtu aikalie. Shuka zinashuka kutoka wodini zikiwa na kila aina ya aibu ya mwanadamu, na saa kumi jioni zinapanda tena nyeupe, zimekunjwa pembe kwa pembe. Mikono yake inanuka dawa ya madoa hata akijipaka manukato. Aliacha shule darasa la pili, mama yake alipougua. Alipoajiriwa udobi hakujua kusoma, na kwa miaka minne aliamini kwamba neno kubwa jekundu lililoandikwa kwenye chupa ya ile dawa lilikuwa jina la kampuni. Neno lenyewe lilikuwa HATARI.

Aliposoma neno lile kwa mara ya kwanza alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa ameingia kisomo cha watu wazima, kile cha nyuma ya chumba cha kufulia, katika stoo ya vitanda vibovu. Mzee aliyefundisha pale alipochoka, akaondoka, na ubao ukabaki bila mtu. Mpwa wangu akashika chaki. Cheti hana, lakini hakuna mwingine aliyekuwa tayari kusimama mbele ya vitanda vibovu kila jioni. Wanafunzi wakamwita Mwalimu Sabuni.

Na darasa lake lilikuwa na raha! Alifundisha kwa utani. Kila mtu alibatizwa jina. Mama muuza mboga, aliyekuwa anatia koma hata katikati ya neno, akawa Mama Koma. Fundi viatu, mfupi mpaka miguu haigusi chini akikaa, akawa Nukta. Na mlinzi wa geti la hospitali, mtu mzima wa hamsini na kitu, ambaye kila akiitwa ubaoni alisema, "Hapana mwalimu, labda kesho," akawa Kesho. Mwalimu akimwita, darasa zima lilimjibu kabla yake: "Keeesho!" Naye alicheka pamoja nao. Mtu akicheka, nani atamwuliza anacheka kwa sababu gani?

Basi kituo chetu cha kisomo kikafunga urafiki na kituo cha ng'ambo, nacho cha watu wazima. Wale wa kule ni wahamiaji waliokutana kutoka pande zote za dunia, mpishi, dereva, bibi wa wajukuu sita, wanajifunza lugha ya nchi ile. Wakawa wanaandikiana barua na hawa wetu. Siku moja mwalimu wao mwenyewe akaja, akakaa wiki mbili, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba. Alikuja na begi la nguo na mabegi mawili ya karatasi za kujaza. Hata jina halikuwa na kazi ya kutafutwa: Mama Fomu.

Mama Fomu alikuwa na mtindo wake. Akiuliza swali, ananyamaza. Ananyamaza tena. Mtu mwenye kiu angeweza kwenda kunywa maji, akarudi, akamkuta bado amenyamaza, anatabasamu, anasubiri. Hakumwita mtu ubaoni hata siku moja. Mpwa wangu aliona ule ni uvivu uliovaa miwani. Naye Mama Fomu, kila darasa lilipolipuka kwa kicheko, alimgeukia karani wa kituo, ndiye aliyekuwa mkalimani, akamwuliza wanacheka nini. Karani, mtu wa adabu zake, alijibu, "Wanafurahi."

Siku ya mwisho zikagawiwa fomu. Maswali kumi, bila jina, na kila jibu ni ndiyo au hapana, liandikwe kwa mkono wa mtu mwenyewe. Ilikuwa sherehe. Watu waliokuwa wanaweka dole gumba maisha yao yote, leo wanaulizwa maoni! Wakainama, ndimi nje, penseli zinalia. Swali la tisa lilisomeka: "Je, hujawahi kudhalilishwa na mwalimu darasani?"

Mlinzi akainua kichwa. "Mwalimu, hapana inaanza na herufi gani?"

"Kesho!" mpwa wangu akapiga kofi. "Neno hilo si unaniambia kila jioni? Ha, pa, na! Liandike leo, mzee, usisubiri kesho!"

Stoo ikacheka mpaka Nukta akadondoka kwenye benchi. Mlinzi akaandika. Mama Fomu akakusanya karatasi zake, akakumbatia kila mtu, akaenda zake.

Wiki ya tatu msimamizi wa kituo akamwita mpwa wangu ofisini. Mlango ukafungwa, na ule mlango haufungwi kamwe, maana kitasa chake kibovu, ilibidi asukumie kiti. Mkononi ana barua kutoka ng'ambo.

"Wako wangapi darasani kwako?"

"Kumi na watatu."

"Kumi na wawili wamesema unawadhalilisha."

Mpwa wangu alidhani amesikia vibaya. "Wawili?"

"Kumi na wawili! Mmoja tu ndiye amesema hana neno. Wenzetu wanasema kwao mwalimu wa namna hiyo hafundishi tena. Wiki ijayo watazungumza nasi kwenye kompyuta. Mpaka hapo, lete ufunguo wa kabati la vitabu."

"Lakini Msimamizi, mimi—"

"Ufunguo, mama."

Aliutoa shingoni, ulikuwa kwenye uzi, akauweka mezani. Anasema shingo ilibaki nyepesi, akawa anaipapasa kama mtu aliyepoteza jino anavyolitafuta kwa ulimi.

Siku mbili hakuwa mtu. Shuka alikunja pembe kwa ubavu. Mashine ya katikati ikatembea mpaka ikang'oa bomba lake, naye amesimama anaitazama. Alikuwa anawapitisha kichwani mmoja mmoja. Nukta? Nukta alimletea mtoto wa mwalimu viatu bila kuombwa. Wale dada wawili wa jikoni wanaoshiriki daftari moja? Kila uso ukageuka kuwa shahidi. Wakimsalimia njiani, "Hujambo mwalimu," aliwatazama akajiuliza, huyu naye? Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini nguo kumi na mbili unazivua vipi?

Siku ya tatu uvumilivu ukamwisha. Akavua mabuti, akatoka na aproni yake iliyolowa mpaka kwenye meza ya Mama Koma, kando ya barabara ya hospitali.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Umenikosea? Wewe? Hebu nishikie hii nyanya kwanza, ni laini au macho yangu?"

"Mama Koma, usinizungushe. Ile fomu. Swali la tisa uliandika nini?"

Mama Koma akajinyoosha, akajivuna kama aliyeulizwa habari za harusi ya mwanawe. "Niliandika ndiyo. Yote. Hata herufi moja sikuruka."

"Kwa hiyo nakudhalilisha."

"Nani kasema?"

"Si wewe! Umeandika ndiyo!"

"Ndiyo, hujanidhalilisha! Mwalimu, umepigwa na mvuke? Swali limeniuliza, hujawahi kudhalilishwa? Nikajibu, ndiyo, sijawahi. Ulitaka niandike hapana? Si ingekuwa, hapana, nimewahi? Ah! Unatufundisha kusoma halafu wewe mwenyewe husomi?"

Mpwa wangu akakalia kreti la vitunguu. Akacheka, akalia, akacheka tena, na nyanya ikapasukia mkononi. Mama Koma akamwambia hiyo ameshainunua.

Kutoka pale moja kwa moja hadi kwa karani. Naye, alipoelezwa, jasho lilimtoka mpaka kola ikabadilika rangi. Kumbe wale wa ng'ambo, kwa lugha yao, waliuliza, "Umewahi kudhalilishwa?" Na kwenye hesabu yao ndiyo ni umewahi, hapana ni hujawahi, basi. Karani ndiye aliyeligeuza alipolitafsiri.

"Niliona ni kavu mno," akajitetea. "Unamwulizaje mtu mzima, 'umewahi kudhalilishwa,' kama polisi? Sisi hata salamu tunakanusha kwanza. Hujambo? Hamjambo? Nani anamsalimia mkwe wake kwa kumwambia, 'Una jambo?' Nikalilainisha, dada. Kwa heshima tu."

"Heshima yako nusura inizike."

Akaja kwangu mbio. Nilikuwa uani, nimepindua baiskeli magurudumu juu. "Mjomba, nimepona!" Akanihadithia yote, tukacheka mpaka jirani akachungulia ukutani. Nikamwambia, kesho kutwa waeleze tu, kumi na mbili zao zitageuka sifa, tena watakuomba radhi kwa maandishi, na cheti watakuletea na kamba ya kukitundikia. Nilikuwa bado naupamba ushindi wake nilipoona hacheki tena.

"Mjomba. Ndiyo ni kumi na mbili."

"Si ndiyo maana tunafurahi?"

"Wao ni kumi na watatu. Yule mmoja waliyesema hana neno, aliandika hapana. Hapana, nimewahi."

"Amekosea huyo. Mtu mzima, penseli yenyewe ngeni."

"Hakukosea. Aliniuliza inaanza na herufi gani." Akafunika mdomo kwa mkono. "Nikamtajia silabi zake mbele ya watu. Nikamcheka wakati anaandika."

Nikaokota spana, nikatafuta la kumpoza. Nikajaribu. "Mwanangu, mmoja ni mmoja. Hata mchele mzuri haukosi jiwe."

"Jiwe moja ndilo linalovunja jino, mjomba." Akanitazama. "Na nani alinizoeza kumbatiza kila mtu jina, tangu nina miaka mitano?"

Nikakaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Kesho yake alikwenda kusimama karibu na geti, kwa mbali, kama anasubiri mtu. Gari la dawa likafika. Dereva akatoa kichwa: "Kesho! Fungua leo basi!" Wauguzi wanaotoka zamu wakapita: "Kwaheri, Kesho." Daktari mmoja, mdogo wa kuweza kuwa mwanawe, akampungia: "Vipi, Kesho?" Jina lilikuwa limetoka stooni, limepanda ngazi, limeingia wodini, na hakuna aliyejua lilianzia wapi. Kila mara mlinzi alicheka. Mpwa wangu alimtazama safari hii bila kicheko chake mwenyewe kumzuia kuona. Mdomo ulicheka. Macho yalikuwa yanasoma namba ya gari.

Mlinzi alipokwenda kufunga geti la pili, mpwa wangu akasogea kibandani. Daftari la geti lilikuwa wazi. Namba za magari, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kwa mwandiko ule anaoujua, herufi zimesimama wima kama askari. Na pembeni, kwenye safu ya jina la mlinzi wa zamu, mwenzake wa zamu nyingine alikuwa amemjazia mapema, ukurasa mzima, mstari kwa mstari: KESHO. KESHO. KESHO. Na mwenye zamu sasa anajua kusoma. Mwalimu wake alikuwa amefanya kazi nzuri.

Mzaha mzaha hutunga usaha. Methali hiyo nilimfundisha mimi, ila sikumwambia usaha unakaa mwilini mwa nani.

Siku ya mazungumzo wakakaa watatu mbele ya kompyuta ya kituo: msimamizi, karani, na mpwa wangu aliyevaa gauni lake la kuzikia. Upande wa pili Mama Fomu na mkubwa wake, bwana mmoja mwenye ndevu za kuchongwa. Mpwa wangu akaeleza. Ndiyo zetu, hujambo yetu, heshima ya karani. Karani akatafsiri aibu yake mwenyewe, sentensi kwa sentensi, maskini.

Mama Fomu akavua miwani. Akanyamaza vile anavyonyamaza. Kisha akasema jambo, na sauti ilikuwa imeshuka. Darasani kwake yuko mpishi mmoja aliyetoka mbali. Kila somo likiisha humwuliza, "Huna swali?" naye hujibu ndiyo. Yeye husubiri swali. Mpishi hutabasamu, hasemi kitu. "Miezi saba," Mama Fomu akasema, "nimeandika kwenye ripoti zake kwamba ni mzito wa kuelewa. Amerudishwa darasa la chini kwa mkono wangu."

Wakatazamana wale wanawake wawili kwenye kioo. Msimamizi akakohoa, akapangusa mikono kama mtu aliyemaliza kula. "Basi, tumeelewana. Wote kumi na watatu hawana neno na mwalimu wao. Tufunge."

"Si wote," akasema mpwa wangu.

Msimamizi akamkanyaga mguu chini ya meza. Anasema kidole kiliuma siku nne.

"Kuna hapana moja. Mlidhani ndiye pekee niliyemtendea vizuri. Ndiye pekee niliyemuumiza. Nilimpa jina la kumcheka, likamfuata mpaka kazini kwake. Naomba hiyo moja ibaki kwenye barua."

Karani akamgeukia. "Dada, nitafsiri kweli?"

"Tafsiri. Na safari hii usilainishe."

Bwana wa ndevu akauliza maswali mengi, akaandika. Mwisho akatamka uamuzi. Darasa litaendelea. Lakini mpaka mwaka uishe atakuja mwalimu mwenye cheti kushika chaki, na mpwa wangu atakaa kando kama msaidizi. Mafunzo ya ng'ambo aliyokuwa ameahidiwa, ambayo ndiyo yangempa cheti, yamesimama. Ufunguo ukabaki mezani kwa msimamizi.

"Kaburi umejichimbia mwenyewe," msimamizi akamwambia kompyuta ilipozimwa, "na koleo umeleta kutoka nyumbani."

Mpwa wangu akatoka. Jumatatu jioni akanawa mikono, akaingia stooni, akakuta mgeni amesimama penye ubao, mahali pake. Wanafunzi wote walikuwepo, na mlinzi kwenye benchi la nyuma, kofia magotini. Akaomba dakika moja. Akasema mbele yao kwamba jina lile alilitunga yeye, kwamba lilikuwa baya, na kwamba kibandani getini ameona lilikofika. Akasema mlinzi asiitwe tena hivyo na mtu yeyote wa darasa hili. Halafu akamwita mlinzi kwa jina lake, lile alilopewa na wazazi wake, ambalo miezi minane hakuna aliyelitamka mle ndani, na akasema, "Nisamehe, baba."

Hapo sasa ndipo hamtaniamini! Yule mlinzi akasimama, mrefu kama nguzo ya umeme, machozi yanamtiririka mpaka mabuti yakajaa, akatembea hadi ubaoni mbele ya yule mgeni, akaandika jina lake kamili kwa herufi za kimo cha mtu, Mama Koma akapiga vigelegele, Nukta akapanda juu ya benchi, wagonjwa wa wodi tatu wakashuka vitandani kuja kuona, na mimi, niliyekuwa nimesimama pale pale mlangoni, nika—

"Mjomba," mpwa wangu ananikatiza, anasoma begani kwangu, "hebu simamisha kalamu. Hukuwepo. Hakusimama, wala hakulia. Alisema, 'Nimesikia, mwalimu,' akaendelea kuchonga penseli. Andika hivyo."